Inakwaruza

"Mama Hafidha! Njoo usikilize!"

Dija aliuweka chini ungo wa dagaa aliokuwa anawachambua, akajifuta mikono kwenye kanga. Alijua anachoitiwa. Mumewe, fundi Rehani, hufunga muziki wa magari chini ya banda la turubai mbele ya nyumba yao pale Zinga, kando ya barabara ya kwendea Dar. Kila akimaliza gari hutaka mtu akae ndani asikilize, na huu ulikuwa mwaka wa pili kazi hiyo ni ya Dija.

"Sikio la fundi limeshazoea makelele," Rehani alikuwa akiwaambia wateja. "Sikio la mtu wa kawaida ndilo linalosema kweli."

Wateja walicheka, wakakubali. Dija naye alikubali, kwa sababu yake ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa akikaa kiti cha nyuma, amegeukia buti. Rehani alipiga magoti nje, bisibisi mkononi, akawa anaizungusha ile skrubu ndogo ya amplifaya inayoitwa geini, inayoamua nguvu iingie kiasi gani. Huku anazungusha, alimtazama mkewe. Alimtazama usoni, moja kwa moja, dakika mbili au tatu nzima. Sauti ikianza kukwaruza Dija alikunja jicho la kushoto, ndiyo tabia yake tangu usichana, na hapo Rehani alirudisha skrubu nyuma kidogo na kazi ikaisha.

Nyumbani hakumtazama hivyo. Nyumbani akiongeleshwa alisema "ee", akaendelea na lake. Dada yake Dija alipofariki kule Vigwaza, walirudi kutoka mazishini, na jioni ile Dija alimwambia mumewe, kwa sauti ya chini kwa sababu ndivyo mambo kama hayo yanavyosemwa, kwamba anaogopa. Anaogopa Rehani atangulie, yeye abaki peke yake ndani ya nyumba hii. Rehani alikuwa anachokoa kucha kwa kijiti. Akasema, "Ee."

Tangu siku hiyo Dija alipunguza maneno. Alizungumza na kuku. Ila akiitwa garini alikwenda mbio.

* * *

Gari la siku hiyo halikuwa la vijana wa Zinga, aliowajua tangu wakiwa wanabebwa mgongoni. Ilikuwa Noah nyeupe ya Mazin, kijana mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini. Dada yake Raghad alikuwa anaolewa Jumapili, na Mazin alitaka msafara wa bi harusi usikike kabla haujaonekana.

Juzi yake alikuwa ameleta spika na amplifaya, kila kimoja kanunua duka lake huko Dar.

"Spika ya wati elfu moja na mia tano hii, fundi," alisema. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima kuliko umri wake. "Si mchezo."

Rehani aliigeuza, akasoma mgongoni kwenye sumaku. "Hizo elfu ni za kuuzia. Soma maandishi madogo hapa. Mia tano."

"Nimeibiwa?"

"Hujaibiwa. Ndivyo wanavyoandika wote. Amplifaya yako inatoa mia sita, basi mwenye nguvu hapa ni amplifaya, lazima ashikwe. Hii spika ina koili mbili, kila moja ukinzani wake omu nne. Nikiziunga sambamba tunapata omu mbili, na amplifaya imeandikwa isipewe chini ya omu mbili. Umebahatisha, bwana harusi."

"Anaolewa dada yangu, fundi."

Rehani alicheka kidogo, akaitikia kwa kichwa. Ukimtazama ungesema amesikia.

Boksi alilitengeneza mwenyewe, kwa plaiwudi nzito, na pembe zote akazipaka gundi na silikoni. Karatasi ya maelezo ya spika ilitaka boksi la lita arobaini lenye bomba la kupumulia. Rehani hakuwa mtu wa kalamu. Alipima kama alivyopima miaka yote: debe moja ni lita ishirini, basi boksi lijae madebe mawili ya mahindi, na juu yake vibaba vitatu, ndiyo nafasi itakayoliwa na mwili wa spika na lile bomba. Dija ndiye aliyemimina mahindi, na ndiye aliyeyatoa, akaingiza mkono kwenye tundu mpaka begani kutafuta punje za pembeni, moja moja. Punje ikibaki boksi litacheza kayamba. Halafu yale mahindi ni ugali wa wiki mbili.

"Boksi kubwa mno spika inarukaruka hovyo," Rehani alimweleza Mazin. "Dogo mno, inabanwa pumzi. Hili limeikaa kama kanzu ya kushonesha."

Ilipofika saa ya kusikiliza, Mazin alikuja na mama yake. Bi Shaikha alikuwa ametoka Dar kununua vitu vya harusi, na mifuko ilijaa mpaka miguuni pake. Alikaa kiti cha mbele, buibui lake jeusi lina nakshi mikononi, na gari zima linanukia udi.

Dija alifungua mlango wa nyuma, akasita. Mikono yake ilikuwa inanuka dagaa. Kanga yake ya kifuani ilikuwa na moshi wa siku tatu.

"Ingia, dada," Bi Shaikha alisema kwa upole, akashusha kioo cha upande wake.

Hakushusha kwa ubaya, huenda aliona joto. Lakini Dija aliona kile kioo kinavyoshuka. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti asichafue, akauvuta mtandio wake, akajiziba mdomo na pua na mashavu. Yakabaki macho tu, nayo akayainamisha.

Mazin alikuwa nje, anaongea na simu kuhusu viti vya kukodi. Rehani akawasha. Besi ilianza taratibu, ikampanda Dija mgongoni, ikamwingia kifuani. Ilikuwa besi nzuri, ya duara. Rehani akazungusha. Akamtazama. Akazungusha tena.

Ikaanza. Mbali kwanza, kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga nyumba ya tatu.

"Inakwaruza," Dija alisema. Alisema kiasi, kama mwanamke anavyosema mbele ya wageni.

Rehani alimtazama, akaongeza.

"Baba Hafidha. Inakwaruza."

Rehani alimtazama tena, uso wake hauna jambo, akaongeza robo nyingine. Kisha akaweka bisibisi mfukoni, akafunga buti. "Tayari! Itatikisa Bagamoyo nzima."

Dija alibaki amekaa. Bi Shaikha alikuwa amegeuza shingo, amewaona wote wawili. Dija alipogeukia mbele macho yao yakakutana, naye ndiye aliyeyaondoa kwanza. Kumdharau mtu ndani ya nyumba yake ni jambo moja. Kumdharau mbele ya mwanamke anayenukia udi ni jambo jingine. Aliteremka, akaurudia ungo wake, na dagaa siku ile aliwachambua mpaka wakaisha vichwa.

* * *

Jumatatu asubuhi Noah nyeupe ilirudi. Mazin hakusalimia.

"Fundi, harufu hii unaisikia?"

Alifungua buti. Harufu ya koili iliyoungua ilitoka, chungu, kama kamba ya plastiki iliyotupwa motoni.

"Katikati ya msafara," Mazin alisema. "Hatujavuka hata soko. Moshi! Watu wanatoka nje kumtazama bi harusi, wanaona moshi. Akina mama wanapiga vigelegele, wanafikiri ni mbwembwe zetu."

Jirani yao Saida, muuza vitumbua, alikuwa ameshaacha karai lake. Waendesha bodaboda wawili walisogea.

Rehani aliigusa spika kwa vidole, akaisukuma ndani. Ilikwama. Akainusa. "Koili imekwisha."

"Najua imekwisha! Nakuuliza imekwishaje! Watu waliniambia nenda Dar, nikasema hapana, yuko mtu Zinga. Kumbe nimempa kazi mtu anayepima kwa madebe ya mahindi!"

"Alitaka kuisagisha," mwendesha bodaboda mmoja alisema, wakacheka.

"Boksi halina kosa," Rehani alisema. "Waya hazina kosa. Geini ilikuwa juu. Amplifaya imelazimishwa kupita uwezo wake, ikatoa sauti iliyokatika. Hiyo ndiyo inayochoma koili."

"Nani aliipandisha?"

Rehani alijifuta vidole kwenye suruali. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini na moja ya ndoa. Alinyoosha kidole kwenye mlango wa nyumba yake, aliposimama Dija.

"Mimi nafuata sikio la msikilizaji. Yeye ndiye aliyekaa ndani. Hakuniambia kitu."

Mlango wa mbele wa Noah ukafunguka. Bi Shaikha alikuwemo muda wote. Aliteremsha mguu mmoja, akabaki amekaa.

"Fundi, mimi nilikuwa ndani," alisema. "Mkeo alisema inakwaruza. Alisema mara mbili."

Rehani alimtazama yule mama kwa makini, akatazama midomo yake, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na hali ya hewa.

Watu wote wakamgeukia Dija. Angesema neno moja tu, na haki ingekuwa yake, na bodaboda wale wangeipeleka mpaka mjini kabla ya adhuhuri.

"Nilisema ndani ya mtandio, bi mkubwa," Dija alijibu. "Hakunisikia. Kosa ni langu."

Bi Shaikha aliguna. Mazin akasema hataki kujua kosa la nani, anataka spika yake. Wakakubaliana ipelekwe Kariakoo kusukwa koili upya, gharama ya fundi, na Alhamisi waje kufunga. Gharama ya fundi maana yake mabati matatu waliyopanga kununua ya kuezekea jiko yasubiri mwaka mwingine.

"Pole, mwaya," Saida alimwambia Dija watu walipotawanyika. "Wanaume hawa! Anakuuza mchana kweupe."

"Rudi kwenye mafuta yako, Saida, yanaungua."

* * *

Hakulia. Aliingia chumbani, akatoa begi chini ya kitanda, akatia magauni mawili na kanga doti mbili. Akampigia bintiye Hafidha, aliyeolewa Msata.

"Nakuja kukaa kwako kidogo."

"Kuna nini, mama? Baba yuko wapi?"

"Yupo."

"Nipe niongee naye."

"Baba yako siku hizi haongei na simu. Ukimpa anasema mpe mama yako."

Alipolisema hilo kwa mdomo wake mwenyewe, likambakia sikioni. Alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya Hafidha kukata.

Rehani alikuwa uani, ameupa mlango mgongo, anapiga msasa kibao. Dija alitoka na begi lake. Akasimama hatua nne nyuma yake.

"Baba Hafidha, naondoka," alisema.

Rehani akapiga msasa.

"Nakwenda Msata. Huenda nisirudi."

Akaupuliza unga wa mbao, akaendelea.

Dija alilitua begi chini polepole. "Rehani," akasema, na jina hilo hakumwita tangu wazae. "Rehani, nyumba inaungua."

Msasa haukusimama.

Palikuwa na kinu pale ukutani, na mchi ndani yake. Dija aliuchukua mchi, akauinua mpaka kifuani, akauachia uanguke chini. Ardhi ikafanya ndu. Rehani aligeuka mara moja.

Wakatazamana. Aliliona begi. Aliuona mchi. Akaona uso wa mkewe, na alikuwa mtu wa kusoma uso ule. Kibao kikamtoka mkononi.

"Tangu lini?" Dija aliuliza. Alitamka taratibu, mdomo wake ukielekea kwake.

Rehani alikaa juu ya gogo. Alijisugua mapaja kwa viganja. "Ndege ndio walioanza," alisema. "Asubuhi nikitoka, kimya. Nikadhani wamehama, nikasema labda ni hii miti iliyokatwa barabarani. Kisha sauti za watoto. Kisha adhana, nasikia spika ya msikiti inavuma, maneno siyapati. Mambo mazito nayapata yote. Lori, ngoma, mlango. Besi naisikia kuliko kijana yeyote. Ule mkwaruzo ndio siusikii. Umekaa juu, huko nilikofungiwa."

"Na mimi?"

"Na wewe umekaa huko juu."

Kuku walipita katikati yao.

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Fundi wa muziki kiziwi? Nani atateremka kwenye gari lake hapa? Hata hospitali siendi. Nitoke na kidude sikioni nikae barabarani?" Akainua kichwa. "Nilikuwa nakutazama jicho lako. Lile la kushoto. Ukilikunja, najua. Siku ile ulijifunika. Nikaona macho yameinama, nikasema bado."

Dija alikaa naye chini, kwenye ukingo wa kinu. Dakika zile za garini, zile alizokuwa anazikimbilia akiwa na unga mikononi. Alizigeuza moja moja kichwani, miaka miwili ya dakika.

"Nilikuwa nakwambia mambo," alisema. "Ukajibu 'ee'."

"Nikiona umefunga mdomo, naitika. Nilijua unasema. Sikujua unachosema." Akasogea. "Niambie sasa. Sema kwa nguvu, nitayapata."

Ng'ambo ya ua, Saida alikuwa amelisimamia karai la vitumbua, na kijiti chake cha kugeuzia hakikuwa kinalia. Alikuwa anasikiliza. Barabarani watu walikuwa wanapita. Dija alifungua mdomo. Neno lenyewe alikuwa nalo, ni lile lile la jioni ya mazishi, naogopa kubaki peke yangu. Lakini angelipigiaje ukelele neno kama lile, kama anayeita mtu shambani? Likishapigiwa ukelele si lenyewe tena.

"Hayakuwa ya maana," akasema.

"Ee?"

Akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono: basi, yaishe. Akalichukua begi, akalirudisha chini ya kitanda.

* * *

Alhamisi Dija alioga tangu asubuhi. Alivaa gauni la Idi, akajipaka mafuta ya karafuu mikononi. Spika ilikuwa imerudi, imesukwa vizuri, na Rehani aliirudisha kwenye boksi lile lile la madebe mawili, akaziunga koili zake sambamba kama kwanza, akakaza skrubu kwa zamu, moja huku na moja kule. Mikono yake haikukosea mahali.

Mazin alifika na mama yake. Aliegemea mlango, mikono kifuani.

"Leo nataka kusikia mwenyewe," alisema.

"Wewe ulishazoea makelele," Rehani alimjibu. "Mama Hafidha! Njoo usikilize!"

Ilikuwa sauti ile ile ya siku zote, kubwa kupita kiasi. Sasa Dija alijua kwa nini ilikuwa kubwa. Akaja. Aliingia, akamwamkia Bi Shaikha aliyekaa mbele, akageukia buti. Mtandio ulikuwa umeziba pua yake, maana kijana wa watu alikuwa amesimama palepale mlangoni, hatua moja.

Rehani alipiga magoti. Alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. Kama leo ingeungua tena, kesho asingekuwa na mteja, na kile anachokificha kingetembea kwa miguu mpaka Bagamoyo.

Dija aliushika mtandio kwa vidole viwili, akaushusha mpaka chini ya kidevu.

Mazin aliona, akageuza uso barabarani kwa adabu. Bi Shaikha naye aliona. Alimtazama Dija, akamtazama fundi anavyomtazama Dija, macho yameganda kwenye uso wa mkewe kama mtu anayesoma mshale wa mita. Akafungua mdomo kidogo, akaufunga.

Besi ikaanza. Ikampanda Dija mgongoni, ikaingia kifuani, ya duara. Mkono wa Rehani ulizunguka taratibu. Uso wa Dija ulikuwa shwari. Ukazunguka tena. Mbali, nyumba ya tatu, mtu akaanza kusugua sufuria.

Akakunja jicho la kushoto.

Mkono wa Rehani ulisimama papo hapo. Akarudisha nyuma kidogo, na mkwaruzo ukakatika. Ikabaki besi peke yake, safi.

Dija hakulikunjua jicho.

Rehani akasubiri. Akarudisha unywele mmoja tena, bila kuuondoa uso wake kwenye uso ule. Alikuwa amezeeka, Dija aliona. Nyusi zilikuwa zimeingia mvi, na pembeni mwa jicho palikuwa na kovu dogo la cheche ambalo hakulijua. Lini alipata lile? Huenda siku nyingine angemuuliza, kwa vidole.

"Mbona mimi naona haikwaruzi tena?" Bi Shaikha aliuliza kutoka mbele, polepole, sauti ya kuwatosha wanawake wawili.

"Bado kidogo, bi mkubwa," Dija alimjibu kwa sauti ile ile, na mumewe, ambaye hakusikia neno, akaendelea kumtazama.